Kutoka Adam hadi Dodoma: Nani alimsikiliza aliyeng'olewa?

UKITOKA Nizwa ukashika njia ya kusini inayokwenda Salalah, mji wa mwisho wenye mitende ya maana kabla jangwa halijakupokea ni Adam. Si mji mkubwa. Una mafalaji yake, mashamba yake ya tende na mitaa yake ya kale ya nyumba za udongo. Lakini kwa sisi Wazanzibari, wa nyumbani na tuliotawanyika, jina hilo lina uzito kuliko wengi wetu tunavyojua. Adam ndiko kunakotajwa kuwa kwao Imam Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Al Busaidi. Mjukuu wake, Seyyid Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao yake Unguja. Ukoo huo ulikalia kiti cha Zanzibar hadi Januari 12, 1964, na kule Muscat umekikalia hadi leo.

Tunaitaja Adam kwa sababu ya jambo lililotokea mbali nayo. Oktoba 2024 Bunge na Seneti ya Kenya walimvua madaraka Naibu Rais Rigathi Gachagua, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mtu wa cheo chake tangu Katiba ya 2010 ipitishwe. Tangu hapo, kila Wazanzibari wanapokutana, iwe Muscat, London au Darajani, swali huwa ni lile lile: kwetu sisi linawezekana hilo? Na jawabu ya haraka ni kuwa sisi hatuna utamaduni huo, kwamba mkubwa kwetu haondoki ila kwa mauti, kwa mapinduzi au kwa amri ya mkubwa mwenziwe.

Jawabu hiyo si sahihi. Utamaduni tunao, tena wa zamani kuliko wa Waingereza walioweka utaratibu ambao Wakenya wameurithi. Kilichokosekana ni kitu chengine, na tutakifikia.

Katika madhehebu ya Ibadhi, ambayo ndiyo yaliyotawala Oman ya ndani kwa zaidi ya miaka elfu, Imam hazaliwi, anachaguliwa. Maulamaa na wakubwa wa makabila humtazama mtu kwa elimu na uadilifu wake, wakampa baia, na baia hiyo ina masharti. Akifanya dhambi kubwa ataitwa atubie. Akikataa na akashikilia, ataondolewa. Ataondolewa pia akipoteza akili, au akipoteza uwezo wa kusikia na kuona hata asiweze tena kuhukumu baina ya watu. Kwa hiyo hoja ya kumuondoa kiongozi haikuwa uasi kwao. Ilikuwa sehemu ya dini.

Ahmad bin Said mwenyewe alifika juu kwa njia hiyo. Hakuwa mtoto wa Imam. Alikuwa liwali wa Sohar, na alipata jina kwa kuihami Sohar dhidi ya Waajemi waliouzingira mji huo mwaka 1743. Na Waajemi walikuwa wakitafuta nini Oman? Waliitwa. Aliyewaita ni Imam Saif bin Sultan wa pili, wa ukoo wa Yaaruba, ambaye alikuwa ameuzuliwa na wakubwa wake akaona hapana njia ya kurudi ila kwa jeshi la Nadir Shah. Waliingia mwaka 1737 wakiwa wageni wake, na muda si muda wakawa mabwana zake. Ahmad bin Said ndiye aliyewatoa, na watu wakampa Uimamu, serikali ya Oman ikihesabu mwaka 1744, baadhi ya wanahistoria wakisema 1749.

Alipofariki mwaka 1783 akachaguliwa mwanawe, Said bin Ahmad. Huyu hakupendeza. Haikuchukua miaka mitatu pakaanza harakati za kumng'oa. Nduguye mmoja, Saif, aliondoka kwenda kujitafutia utawala wake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na ikabidi majeshi ya Imam yamfuate huko. Katika safari hiyo ndipo Kilwa ilipoingia mkononi mwa Oman, mwaka 1785. Mwisho wa mwaka huo huo kundi la wakubwa wa Oman lilikutana likamtangaza nduguye mwengine, Qais bin Ahmad, kuwa Imam badala yake.

Jaribio hilo lilianguka mara moja. Kilichofaulu baadaye ni kitu cha siri zaidi: mwaka 1786 mtoto wa Imam, Hamad, aliichukua ngome ya Muscat kwa hila, kisha ngome nyengine zikamfuata moja baada ya moja, hata baba akabaki Rustaq na jina la Imam tu, bila askari wala bandari. Hapana aliyemuuzulu. Alibakia Imam mpaka siku ya kufa kwake, na waliokuja baada yake Muscat hawakuitafuta tena baia ya maulamaa. Walijiita Seyyid, na baadaye Waingereza wakawaita Sultan.

Hapa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo historia ya Adam inapokuwa historia ya Unguja. Kiti kilichovuka bahari kuja kwetu kilikuja baada ya kukatika kamba ile ya baia. Sisi tuliletewa enzi, hatukuletewa masharti yake. Ungeweza kuishi Mji Mkongwe, ukaswali nyuma ya kadhi wa Kiibadhi aliyeyasoma masharti ya Uimamu neno kwa neno, na usiwe na pahala popote pa kwenda kusema kuwa mtawala wako amevunja mojawapo.

Lakini tusiwapambe wa kale kupita kiasi. Hao waliokuwa na masharti nao walipata taabu kuyatumia, na kisa kikubwa kilitokea Nizwa, mwendo mfupi kutoka Adam, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Tangu mwanzo kulikuwa na dosari. Imam wa kwanza kuuzuliwa katika Uimamu wa Nizwa, Muhammad bin Abi Affan, aliondolewa mwaka 795 baada ya miaka miwili tu kwa ubaya wa mwenendo wake. Wakubwa hawakumkabili. Walimtoa Nizwa kwa kisingizio, na alipokuwa nje ya mji wakampa baia mtu mwengine, Warith bin Kaab. Warith alikuwa mtu mwema sana, mwisho wake alichukuliwa na mafuriko ya wadi ya Nizwa akijaribu kuwaokoa wafungwa, na pengine ndiyo maana hakuna aliyejali kuuliza kuhusu namna alivyoingia.

Kisha akaja Imam Abdulmalik bin Humaid, aliyeshika mwaka 823. Alizeeka, akadhoofika, na watu wakaanza kunung'unika kuwa mambo yanalegea. Wakamwendea Sheikh Musa bin Ali wa Izki, kadhi na mwanachuoni mkubwa wa zama hizo, wakitaka amuuzulu mzee. Sheikh Musa alikataa. Mzee bado anasikia, bado anaona, akili yake ipo, sharti gani limevunjika? Badala yake akamsaidia kazi, akaishika nchi kwa niaba yake, hata Abdulmalik akafa mwaka 841 akiwa Imam na Oman ikiwa imetulia.

Miaka arubaini na mitano baadaye swali lile lile lilirudi, na waliloulizwa baba sasa akaulizwa mtoto.

Imam Salt bin Malik Al-Kharusi alishika Uimamu mwaka 851. Alitawala miaka 35. Ndiye aliyepeleka merikebu Sokotra kukirejesha kisiwa hicho. Alipofika uzeeni miguu ilimshinda, na waliokuwa wakimzunguka walikuwa wachache kuliko zamani, kwani wenziwe wa rika lake walikuwa wamekwishakufa. Mtoto wa yule Sheikh Musa bin Ali, aliyeitwa Musa bin Musa, naye alikuwa mwanachuoni wa kutajika wa Izki. Yeye hakumsaidia mzee. Mwaka 886 alikusanya watu akaandamana nao hadi Farq, nje kidogo ya Nizwa, wakapiga kambi. Imam Salt akaihama nyumba ya Uimamu. Musa akampa baia Rashid bin Nadhar, na mambo yakawa yamekwisha, au yeye alidhani hivyo.

Haikupita miaka minne Musa akamgeukia na huyo Rashid, akamuuzulu vilevile, akamweka Azzan bin Tamim. Azzan naye hakusahau ni mkono wa nani unaoweka na kuondoa. Alimfukuza Musa kwenye ukadhi, kisha akampelekea jeshi Izki mwaka 891, Musa akauawa. Jamaa waliokuwa upande wake wakaenda Bahrain kuomba msaada kwa liwali wa Khalifa wa Baghdad, Muhammad bin Nur. Alikuja mwaka 893. Imam Azzan aliuawa, kichwa chake kikapelekwa Baghdad, na yule liwali akakata watu mikono na masikio, akachoma vitabu, akafukia mafalaji. Waomani walilibadili jina lake, badala ya bin Nur, mwana wa nuru, wakamwita bin Bur, mwana wa uharibifu. Tangu Farq mpaka hapo ni miaka saba.

Msomaji atasema hizo ni fitina za ukabila tu, za Nizar na Yaman, na atakuwa na sehemu ya haki. Lakini maulamaa wa Oman hawakubishana kuhusu ukabila. Kwa karne nyingi baadaye walibishana kuhusu utaratibu, wakagawika pande mbili zilizojulikana kwa miji yao, Rustaq na Nizwa. Wa Rustaq, akina Ibn Baraka na Abul Hasan Al-Bisyawi, walisema Musa na Rashid walikosa, kwani Imam aliondolewa bila ya kosa lake kuthibitishwa na bila ya kuitwa atubie. Wa Nizwa, na mkubwa wao ni Sheikh Abu Said Al-Kudami wa karne ya kumi, walisema waliokuwapo ndio wanaojua yaliyopita, sisi tuliokuja nyuma tusimame, tusimhukumu yeyote. Na katikati ya ugomvi huo palikuwa na swali moja ambalo kila Mswahili anaweza kulielewa bila ya mfasiri: Imam Salt aliuzuliwa, au alijiuzulu?

Neno letu la "kujiuzulu" ni la Kiarabu hicho hicho. Tofauti baina ya kuuzuliwa na kujiuzulu ni silabi chache, lakini ndani yake mna kesi nzima. Mzee aliyeondoka nyumbani kwake huku watu wenye silaha wamepiga kambi nje ya mji, tuseme amejiuzulu?

Swali hilo limetuandama hadi Zanzibar na hadi Muscat ya karne ya ishirini. Mwaka 1859 Seyyid Barghash na jamaa wa Kiharthi walijaribu kumng'oa Seyyid Majid, Waingereza wakaingilia, Barghash akapelekwa Bombay. Agosti 27, 1896 Seyyid Khalid alitolewa kwa mizinga ya manowari za Kiingereza katika muda usiotosha kupika wali. Mwaka 1911 Seyyid Ali bin Hamud "alijiuzulu" akiwa Ulaya. Na Julai 23, 1970 huko Salalah, Sultan Said bin Taimur alitia saini karatasi ya kujiuzulu akiwa amejeruhiwa kwa risasi, akapandishwa ndege ya kwenda Uingereza, na mwanawe Qaboos akakalia kiti. Maelfu ya ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili Muscat, Nizwa, Ibra na Sur wapo huko kwa sababu ya siku hiyo, kwani Sultan Qaboos ndiye aliyefungua mlango warudi. Hatusemi kuwa siku hiyo ilikuwa mbaya. Tunasema tu kuwa karatasi ile inaitwa ya kujiuzulu.

Sasa tuje kwa Mzee Aboud Jumbe.

Jumbe alishika Urais wa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Karume Aprili 7, 1972. Ni wakati wake ndipo Zanzibar ilipopata Katiba yake ya kwanza tangu Mapinduzi, ya mwaka 1979, na ni yeye aliyelizindua Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Mwaka huo huo wananchi wa Unguja na Pemba walipiga kura ya Rais kwa mara ya kwanza, yeye akiwa mgombea peke yake, ndiyo au hapana. Ukiitaka baia ya kizamani ndani ya chama kimoja, hiyo ilikuwa ndiyo karibu yake. Alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano na Makamu Mwenyekiti wa CCM.

Mwaka 1983 CCM ilifungua mjadala wa kuirekebisha Katiba ya Muungano, na Wazanzibari wakausema Muungano hadharani kuliko walivyothubutu tangu 1964. Jumbe akatayarisha hati ya kuupeleka mfumo wa Muungano mbele ya Mahakama Maalum ya Katiba, akisaidiwa na Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, mwenyeji wa Ghana. Hoja yake ilikuwa kwamba Mkataba wa 1964 ulikusudia serikali tatu na sio mbili. Hati hiyo ilitoweka ofisini kwake kabla haijapelekwa popote, ikajitokeza mikononi mwa Mwalimu Nyerere.

Mwishoni mwa Januari 1984 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Dodoma kuzungumzia kile kilichoitwa "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa" Zanzibar. Utaona jina lenyewe lilivyochaguliwa: hali ya hewa haina mshtakiwa, wala haina wakili. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa na hati mkononi. Waliosimama kumsema Jumbe walikuwamo Wazanzibari wenziwe, vijana wa wakati huo, na Maalim Seif Shariff Hamad, ambaye baadaye alitoka humo na Uwaziri Kiongozi, alikuwa miongoni mwao. (Miaka minne baadaye, 1988, Maalim Seif naye alivuliwa cheo hicho, kisha akafukuzwa chamani. Tunamkumbuka kwa mengi makubwa aliyoyafanya baada ya hapo, lakini Dodoma ya 1984 nayo imo katika hesabu.) Kikao kilipokwisha, Jumbe akawa amejiuzulu nyadhifa zake zote, za chama na za serikali, na Ali Hassan Mwinyi akawekwa badala yake.

Tukiuweka ukabila pembeni, hii ni Farq tena. Mshtaki, shahidi na hakimu ni watu wamoja, wamekaa nje ya mji. Baraza la Wawakilishi, ambalo mtu huyo ndiye aliyeliunda, halikuulizwa. Wapiga kura wa 1980 hawakuulizwa. Na kosa lenyewe, likitazamwa leo, lilikuwa ni kutaka kwenda mahakamani.

Wapo watakaotukasirikia kwa kumuonea huruma Jumbe. Utawala wake haukuwa wa huruma kwa wapinzani, na wengi katika kizazi cha wazee wetu waliondoka nchini wakati wake. Hilo ni kweli, wala halibadilishi kitu. Aliyestahiki kuondolewa naye anastahiki kusikilizwa kabla ya kuondolewa, kwani vyenginevyo tutajuaje kuwa alistahiki?

Bara nako waliyaona, ingawa kwa adabu zaidi. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama Bungeni Dodoma, siku baada ya Dk. Harrison Mwakyembe kuisoma ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, akatangaza kuwa ameandika barua ya kujiuzulu. Alilalamika kwamba kamati ilizunguka kuhoji watu wengi lakini yeye hawakumwita. Kamati haikukosa hoja, kampuni ile kweli ilikuwa haina uwezo wa kuzalisha umeme ilioahidi. Ila Lowassa aliitumia kauli ile ya "sikusikilizwa" kwa miaka saba iliyofuata, ikamsaidia kuwa mgombea wa upinzani mwaka 2015 akapata kura zaidi ya milioni sita. Lau wangemwita akajibu kwa mdomo wake, nchi ingejua alichokuwa nacho.

Na Kenya je? Tuwape haki yao. Hoja ya mbunge Mwengi Mutuse ilikuwa na mashtaka 11, yaliyoandikwa na kuchapishwa. Oktoba 8, 2024 Gachagua alipewa nafasi ya kujitetea mbele ya Bunge la Taifa, akazungumza, kisha wabunge 281 wakaunga mkono hoja na 44 wakaipinga. Ikaenda Seneti, mawakili wa pande mbili wakaulizana maswali na nchi nzima ikitazama. Hakuna Mzanzibari wa 1984 aliyepata kuona kitu kama hicho. Lakini Oktoba 17, siku aliyotarajiwa kupanda kizimbani mwenyewe, ikaelezwa kuwa amelazwa hospitali kwa maumivu ya kifua. Mawakili wake waliomba kuahirishwa. Sheria iliwaruhusu Maseneta kuongeza siku chache, wakaona hapana haja. Usiku ule ule wakamtia hatiani kwa mashtaka matano kati ya 11. Asubuhi yake Rais William Ruto akampendekeza Profesa Kithure Kindiki, Bunge likamthibitisha siku hiyo hiyo, na baada ya siku chache za zuio la mahakama akaapishwa Novemba 1.

Miezi 26 tu kabla yake Ruto na Gachagua walikuwa wakishikana mikono juu jukwaani. Wabunge waliompigia kura ya kumuondoa wengi wao walikuwa wa upande wa Rais, na wa upinzani waliokuwa wamekwishakaribishwa serikalini. Kwa hiyo utaratibu ulikuwapo wote, na bado haikuwa vigumu kubashiri matokeo wiki mbili kabla. Tunaloliona sisi ni kuwa siku mbili za kumsubiri mgonjwa zingewagharimu kidogo sana, na kukosekana kwake ndiko kulikompa Gachagua kitu cha kuwaambia watu wa Mlima Kenya kila alipopata kipaza sauti.

Turudi kwetu. Katika karatasi sisi hatukukosa. Ibara ya 46A ya Katiba ya Muungano inaruhusu Bunge kumshtaki Rais: taarifa itiwe saini na asilimia 20 ya wabunge, itolewe siku 30 kabla, theluthi mbili wakubali, kisha iundwe kamati ya watu tisa, Jaji Mkuu wa Muungano akiwa mwenyekiti na Jaji Mkuu wa Zanzibar akiwamo, na Rais apewe nafasi ya kujieleza. Katiba ya Zanzibar ya 1984, iliyoandikwa baada tu ya Jumbe kuondolewa, nayo inalipa Baraza uwezo wa kumuondoa Rais. Hakuna kati ya vifungu hivyo kilichopata kutumika. Kule Oman, Sheria ya Msingi ya 2021 haina kifungu cha kumuondoa Sultan. Majlis Shura, ambako Adam nayo hupeleka mtu wake, tangu 2011 inaweza kuwahoji mawaziri wa wizara za huduma, lakini kumwondoa waziri ni kazi ya Sultan. Mwaka huo huo wa 2011, vijana walipoingia barabarani Sohar, mawaziri kadhaa waliondoka kwa amri za kifalme. Nao pia hakuna aliyesikia utetezi wao.

Mzee Jumbe alihamia Mji Mwema, Kigamboni, akaishi huko kwa dini na kimya. Miaka kumi baada ya Dodoma, mwaka 1994, alitoa kitabu kwa Kiingereza kuhusu ushirika wa Tanganyika na Zanzibar na miaka yake 30 ya misukosuko, na mengi aliyokuwa ameyaandika katika ile hati yakapata kusomwa. Alifariki Agosti 14, 2016, akarudishwa Unguja kuzikwa.

Ile mahakama aliyokusudia kuiendea bado imo katika Katiba ya Muungano, Ibara ya 125 hadi 128. Nusu ya wajumbe wake wateuliwe na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Haina jengo wala karani, na tangu ilipoandikwa haijapata kukaa hata siku moja.